Kujifunza gofu: umlipe mwalimu au upambane mwenyewe?

Maswali ni yaleyale kila siku. Nahitaji mwalimu au video za YouTube zinatosha, masomo mangapi ndo nitaanza kupiga vizuri, ninunue fimbo kwanza au nisubiri, nimeshavuka miaka 40 je nimechelewa. Nimechoka kujibu vipande vipande kwa hiyo nayaweka yote hapa, soma mpaka chini kabla hujatoa hela.

Jibu lenyewe kwanza maana wengi mnataka hilo tu: ndio, chukua masomo, tena mwanzoni kabisa, ila kwa sharti moja, uwe na muda wa kupiga mipira kati ya somo na somo. Kama huo muda huna, subiri mpaka uupate. Somo bila mazoezi linakuacha palepale ulipokuwa, sema tu na hela zimepungua.

Lazima kuna mtu atakuambia "mbona Bubba Watson, yule mchezaji wa kulipwa wa Marekani, hakufundishwa na mtu". Ni kweli, mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hajawahi kuchukua somo, na ana mataji mawili ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu duniani, 2012 na 2014. Lakini yule alianza kupiga akiwa mtoto mdogo, mwili wake ukajipangia mambo taratibu kwa miaka mingi. Upande wa pili yupo Jack Nicklaus mwenye mataji makubwa 18, alianza na mwalimu wake Jack Grout akiwa na miaka 10, na hata alipokuwa bora duniani alikuwa akimrudia mwanzo wa msimu wanaanza upya na mambo ya msingi kabisa, jinsi ya kushika fimbo, jinsi ya kusimama. Wewe ambaye unaanza ukubwani na una kazi na familia, jipime na Nicklaus kwenye hili, Watson muache.

Kwa nini kujifundisha mwenyewe kunakwama

Nadharia kidogo tu halafu tunaendelea. Pale fimbo inapogusa mpira, uso wa fimbo ulikoelekea ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanze kwenda wapi. Njia ya fimbo ikiwa tofauti na ulikoelekea uso, mpira unapinda. Basi, hiyo ndo fizikia yote unayohitaji kwa sasa.

Sasa angalia mtego wake. Anayeanza na anapigia upande wa kulia, mpira wake mara nyingi unapinda kwenda kulia. Akili ya kawaida inamwambia "geukia kushoto kidogo". Anageuka, fimbo inazidi kupita kwa kukata kutoka nje kuja ndani, na mpira unapinda kulia zaidi ya mwanzo. Anageuka tena. Baada ya miezi 6 amesimama kama anapiga kwenye uwanja wa jirani na mpira bado unaenda kulia. Kila alichofanya kilikuwa na mantiki na kila kilichokuwa na mantiki kilimharibia, ndo maana jicho la mtu mwingine lina thamani. Unachohisi mwili wako unafanya na unachofanya kweli ni vitu viwili tofauti kabisa, jirekodi siku moja uone.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Muda. Somo moja kila wiki au kila baada ya wiki 2, na katikati yake angalau mara 2 za kwenda kupiga.
- Fimbo chache, na za kuazima zinatosha. Sheria inaruhusu mpaka fimbo 14 kwenye begi ila wewe kwa sasa unahitaji tatu: ayani namba 7 (fimbo ya chuma ya mikwaju ya kati), weji moja (ya mikwaju mifupi ya kunyanyua mpira), na ile fimbo ya kuputi, yaani kusukuma mpira taratibu uingie shimoni. Sehemu nyingi za kufundishia zina za kuazimisha.
- Viatu vya bapa visivyoteleza, na glavu ya mkono mmoja (wa kushoto kama unapigia kulia).
- Simu ya kurekodia video, na daftari. Ndio, daftari, nitaeleza mbele.
- Ukweli kuhusu mwili wako. Mgongo, goti, bega, kama kuna kinachouma kiseme kabla ya mkwaju wa kwanza.
- Sentensi moja ya lengo. "Nataka kucheza gofu" haitoshi. "Nataka kucheza mashimo 9 na wenzangu wa kazini bila kuwachelewesha" hiyo sawa.

Kama unatumia mkono wa kushoto, sema mapema sana ili upatiwe fimbo za upande wako, usikubali kupewa za kulia kwa sababu ndo zilizopo. Wapo wanaocheza upande usio wao wakafanikiwa, Phil Mickelson anaandika kwa mkono wa kulia na anapiga kwa kushoto, alimuiga baba yake kama anajitazama kwenye kioo. Ila hilo liwe uamuzi wako wewe, lisitokane na uhaba wa fimbo.

Hatua zenyewe

1. Nenda kapige mipira kabla hujamlipa mtu yeyote. Nenda renji, yaani ule uwanja wa kupigia mipira tu, azima fimbo, chukua ndoo ndogo upige. Usijaribu kurekebisha chochote. Unachotafuta ni kitu kimoja, je unataka kurudi? Kuna watu wanagundua hapo hapo kwamba walichopenda ni picha ya gofu, mchezo wenyewe hawaupendi, na hamna ubaya, wameokoa hela. Angalizo la usalama, usivuke mstari wa kupigia hata kama mpira wako umeanguka hatua mbili mbele, na usisimame nyuma au pembeni ya mtu anayezungusha fimbo.

2. Amua kama huu ndo wakati wako. Chukua masomo sasa kama umepiga mara kadhaa na umependa, kama umekwama pale pale kwa muda, au kama kuna sehemu inauma kila ukipiga (hii ya mwisho hata usifikirie mara mbili). Subiri kwanza kama wiki zako zimejaa kabisa, kama unauguza jeraha, au kama unataka masomo ili uwe umeiva kwa mechi ya Jumamosi hii. Hiyo ya Jumamosi inaombwa sana aisee. Haiwezekani. Somo la kwanza huwa linakufanya upige vibaya zaidi kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukichukua somo Alhamisi ukacheza Jumamosi umejitafutia aibu mwenyewe.

3. Chagua aina ya somo. Kikundi ni nafuu na kwa anayeanza kabisa ni kizuri kuliko watu wanavyodhani, unaona makosa ya wengine na aibu inapungua, shida ni kwamba mwalimu anakupitia dakika chache tu. Somo la peke yako, nusu saa au saa moja, ndo linalofaa ukishakuwa na tatizo lako maalum, na kama unaweza kuchagua chukua nusu saa maana baada ya hapo kichwa cha anayeanza kimeshajaa. Somo la uwanjani, ambapo mwalimu anatembea na wewe mashimo machache, halipewi heshima yake, ila liache mpaka uwe unaugusa mpira. Kutuma video mtu akakujibu kwa mtandao kunawasaidia waliokwisha shika msingi, anayeanza anahitaji mtu wa kumshika kiwiko na kumwambia "hapa".

4. Tafuta mwalimu, na umchunguze. Hapa ndo watu wanapokosea zaidi. Wanaenda kwa mchezaji bora wa klabu. Kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili, na wengi wenye kipaji hawajui hata wanafanyaje wanachofanya. Anza na waliosomea, vyama vya walimu na wachezaji wa kulipwa vinavyoitwa PGA (cha Uingereza kilianza 1901, cha Marekani 1916) vina mafunzo rasmi ya ualimu, na nchi nyingine nyingi zina chama chake, kwa hiyo muulize amesomea wapi, hata kedi mzoefu, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo, anaweza kukusaidia sana kusoma uwanja na kuchagua fimbo ila swingi yako, yaani jinsi unavyozungusha fimbo, mpeleke kwa aliyefundishwa kufundisha.

Halafu muulize haya, kwa simu tu inatosha:

- Wanafunzi wako wengi ni wa kiwango gani? (Anayefundisha vijana wa mashindano tu anaweza kukuona mzigo.)
- Somo la kwanza na mtu asiyejua kitu unafanya nini?
- Unarekodi video? Nitaondoka na maelezo?
- Kuputi na mikwaju mifupi unafundisha au ni swingi kubwa tu?

Ukiweza nenda kamtazame akifundisha mtu mwingine, kwa ruhusa yake. Hesabu kimoyomoyo nani anaongea na nani anapiga. Mwalimu akiongea dakika 20 mfululizo mwanafunzi amesimama na fimbo yake, ondoka taratibu. Mwingine wa kukimbia ni yule anayekutaka ununue fimbo mpya siku ya kwanza, na yule anayeficha kila kitu nyuma ya namba za mashine. Mashine kama TrackMan ni nzuri, zinapima mwendo wa fimbo na mpira kwa usahihi, ila namba ambayo haijageuzwa kuwa kitu cha kufanya na mikono yako haina maana kwako.

5. Lipia somo moja. Sio kifurushi cha masomo 10, hata kikiwa na punguzo. Punguzo la kitu ambacho hujui kama unakitaka bado ni hasara. Baada ya somo la kwanza jiulize: nimeelewa alichosema? nilijisikia mjinga? najua cha kufanya kesho? Majibu yakiwa mazuri chukua matatu au manne zaidi.

6. Nenda kwenye somo la kwanza ukijua utakachokutana nacho. Wengi wanategemea kupiga mbali siku hiyo, halafu wanashangaa saa nzima imeishia kwenye vidole. Ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu makini ataanza na unavyoshika fimbo, unavyosimama, unavyolenga na mpira ulipo kati ya miguu. Kushika kuna namna tatu: kidole kidogo cha mkono wa chini kulala juu ya mkono mwingine, namna iliyoenezwa na mchezaji wa zamani Harry Vardon na ambayo wengi wanaitumia, kidole hicho kufungamana na kidole cha shahada cha mkono mwingine, kama Nicklaus na Tiger Woods, au vidole vyote kumi kwenye fimbo, ambayo watoto na wenye mikono midogo wanaipenda. Hamna iliyo haramu. Mshiko mpya utaona wa ajabu na utataka kurudi kwenye wa zamani, vumilia.

Fika dakika 15 kabla, nyoosha mwili, piga mipira michache ya taratibu. Usijionyeshe kuwa bora kuliko ulivyo, piga ile swingi yako mbaya ya kila siku maana hiyo ndo inayotibiwa. Na dakika 5 za mwisho mwambie mwalimu "naomba nikueleze nilichoelewa", ukiwa umeshika fimbo. Atakusahihisha hapo hapo. Mwombe akurekodi ukipiga vizuri mara moja, kwa mbele na kwa nyuma ya mstari wa lengo, halafu kabla hujaondoka eneo hilo andika kwenye daftari mambo mawili tu, tatizo ni nini na zoezi lake ni lipi. Ukisubiri ufike nyumbani utakuwa umeshabadilisha maneno yake bila kujua.

7. Mazoezi ya katikati ndo somo lenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Usimwage ndoo ukapiga mipira 100 kama unafukuzwa. Mipira 40 mpaka 50 kwa utulivu inatosha. Theluthi ya kwanza piga nusu swingi kwa mwendo wa pole, unafikiria kitu kimoja tu kile cha kwenye daftari, na usijali mpira umeenda wapi, narudia usijali umeenda wapi maana ukianza kujali mwili unarudi kwenye tabia ya zamani ili kuokoa mkwaju. Theluthi ya pili piga swingi nzima, kila baada ya mpira rudi nyuma uangalie lengo upya. Ya mwisho badilisha lengo na fimbo kila mpira, kama uko uwanjani kweli. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, iache, au iwe ya mipira mitano ya mwisho kama roho inakuuma sana.

Halafu nusu ya muda wako wa mazoezi, ndio nusu, iwe kwenye kuputi na mikwaju mifupi karibu na grini, yaani lile eneo la majani mafupi lenye shimo. Piga hesabu mwenyewe: uwanja wa mashimo 18 wenye pa ya 72 (pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuitumia) umetenga mikwaju miwili ya kuputi kwa kila shimo, jumla 36, hiyo ni nusu ya pa yote. Na hii nusu haihitaji nguvu wala ujana. Mtu wa miaka 65 anaweza kuputi sawa na kijana, ila renji utakuta foleni na grini ya mazoezi iko tupu, siku zote.

Onyo la hatua hii: chanzo cha ushauri kiwe kimoja. Rafiki, video, mzee wa pembeni anayekuonea huruma, wote wasubiri. Harvey Penick, mwalimu wa Texas aliyewafundisha Ben Crenshaw na Tom Kite tangu wakiwa vijana, hakupenda mmoja wao atazame somo la mwenzake kwa sababu dawa ya huyu ingekuwa sumu kwa yule. Wote wawili walikuja kushinda mataji makubwa. Sasa wewe unachukua dawa ya mtu usiyemjua ambaye hajawahi kuiona swingi yako.

8. Ingia uwanjani mapema. Baada ya masomo matatu au manne, kama mpira unanyanyuka mara nyingi kuliko kutambaa, nenda kacheze mashimo machache saa ambazo hamna watu wengi. Anzia kwenye tii za mbele kabisa, yaani sehemu za kuanzia shimo zilizo karibu zaidi na grini. Ukifika mikwaju 8 kwenye shimo moja okota mpira, twende linalofuata. Mpira ukipotea sheria inakupa dakika 3 za kuutafuta (zilikuwa 5 mpaka 2019), wewe tafuta dakika moja uendelee, wa nyuma watakupenda. Na usiogope neno handikapu, yaani mikwaju ya ziada unayopewa kulingana na kiwango chako, tangu mfumo mmoja wa dunia uanze 2020 inaweza kufika 54, sawa na mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo, kwa hiyo hata anayeanza ana nafasi yake.

9. Baada ya masomo matano hivi, pima. Usipime kwa skoa peke yake. Angalia: mikwaju ya kukosa kabisa mpira imepungua? Mpira ukienda kombo unajua kwa nini? Mwili unauma kidogo kuliko mwanzo? Kama angalau mawili ni ndio, endelea, labda punguza kuwa somo moja kwa mwezi. Kama yote ni hapana na mazoezi kweli ulifanya, badilisha mwalimu. Kama mazoezi hukufanya, unajua mwenyewe.

Yakikwama

*Napiga vibaya kuliko kabla ya somo.* Kawaida, jipe wiki mbili tatu za mazoezi. Ikizidi hapo rudi na video yako mpya muilinganishe na ile ya siku ya somo, mara nyingi utakuta umezidisha, aliomba kidogo wewe umefanya sana.

*Mpira unagongwa kichwani unatambaa.* Mara nyingi unajaribu kuunyanyua kwa mikono. Fimbo yenyewe imetengenezwa na mwinamo wa kuunyanyua, kazi yako ni kupiga kushuka. Weka mpira juu ya tii fupi (kile kijiti cha kuwekea mpira), piga nusu swingi mpaka usikie mlio unaobadilika.

*Napiga ardhi kabla ya mpira.* Uzito umebaki mguu wa nyuma. Maliza swingi na usimame kwenye mguu wa mbele uhesabu mpaka tatu. Ukiyumba, jibu umelipata.

*Unapinda kulia tu.* Soma tena pale juu kwenye mtego. Acha kugeukia kushoto, angalia mshiko kwanza.

*Malengelenge na vidole kuuma.* Unabana fimbo sana, au inateleza ndo maana unabana. Pumzika siku kadhaa. Maumivu ya kiwiko au mgongo yasiyoisha peleka kwa daktari, usimpelekee mwalimu.

*Renji nauwa, uwanjani navurunda.* Kwa sababu renji unapiga mpira uleule kwa fimbo ileile kutoka kwenye zulia lililo sawa mara 30. Ongeza ile theluthi ya mwisho ya hatua ya 7, na sasa ndo wakati wa lile somo la uwanjani.

*Simuelewi mwalimu.* Mwambie "naomba niambie kwa namna nyingine" au "nionyeshe". Mwalimu ana njia zaidi ya moja za kusema jambo. Akirudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, tafuta mwingine.

*Mume wangu / kaka yangu / rafiki yangu anajua gofu na anataka kunifundisha bure.* Mshukuru. Cheza naye, akufundishe pa kusimama wenzako wakipiga, jinsi ya kusawazisha mchanga wa bunka (shimo la mchanga uwanjani), nani anaanza kwenye tii, hayo atayaweza vizuri sana. Swingi mwambie una mwalimu, hata kama bado unamtafuta.